Sola imepanda juu ya bati, ethi imebaki dukani

*Nyumba za mwambao wa Tanga sasa zinafunga umeme wa jua wenye volti za kuua. Waya unaotakiwa kulinda waliomo ndani ndio unaoachwa kwanza bajeti inapobana.*

Fundi anapanda kwenye bati saa moja na nusu asubuhi, kabla halijashika moto. Ni mwisho wa wiki, katika mojawapo ya mitaa inayokua upande wa Kange, Jiji la Tanga. Kufika adhuhuri paneli nane zimelala juu ya reli za alumini, zimekazwa kwa skrubu zilizopenya bati hadi kwenye kenchi. Waya mbili, mwekundu na mweusi, zinashuka ndani ya bomba la plastiki mpaka kwenye inveta iliyotundikwa ukutani, jirani na friza la samaki.

Alasiri feni zinazunguka, friza linanguruma, mwenye nyumba anamalizia malipo kwa simu na fundi anakunja ngazi.

Chini ya inveta kuna skrubu moja ambayo haikuguswa. Pembeni yake pamechorwa alama ya mistari mitatu inayofupika kuelekea chini. Hapo palitakiwa waya wa ethi, ule wa kijani wenye mstari wa njano. Huko juu nako, fremu za paneli hazikuunganishwa na chochote zaidi ya bati lenyewe.

Kila kitu kinafanya kazi, na hapo ndipo ugumu ulipo. Taa haizimiki kwa kukosa ethi, wala friza haligandishi barafu kidogo. Mteja hana namna ya kujua kwamba kazi aliyoilipia haijaisha.

Hesabu ya lile paa ni hii. Paneli moja ya wati 550, ikiwa juani bila mzigo, hutoa takribani volti 49. Nane zikiungwa mfululizo hukaribia volti 400 za DC, na hakuna swichi ya kulizima jua. Waya wa paneli ukisuguliwa na ncha ya bati misimu kadhaa ya kaskazi na kusi, plastiki yake huchubuka na bati zima linaweza kushika umeme. Katika nyumba nyingi za pwani, kwenye paa hilo hilo ndiko ulikofungwa waya wa kuanikia nguo.

Kutoka taa tatu hadi friza la samaki

Tabia ya kufunga sola bila ethi ina historia yake, na mwanzoni haikuwa kosa.

Umeme wa jua wa majumbani ulienea Tanzania kwa mifumo midogo. Mwaka 2012 kampuni ya Off-Grid Electric ilianzia Arusha biashara ya kukodisha paneli, betri na taa kwa malipo ya simu, na wengine wakafuata. Mfumo wa namna ile ulikuwa wa volti 12: taa tatu, redio, chaja ya simu, pengine televisheni ndogo. Volti 12 hazimpigi mtu shoti ya kumdhuru. Kanuni za kimataifa zenyewe hazidai kinga ya ethi kwa umeme mdogo kiasi hicho, hivyo fundi aliyefunga mamia ya mifumo ile bila kuchimbia rodi ya ethi alifanya kazi sahihi.

Kisha mizigo ikabadilika. Mgawo wa umeme wa mwishoni mwa 2023 uliwasukuma wengi kwenye inveta na betri, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere haujaanza kuzalisha Februari 2024. Tarehe 1 Aprili mwaka huo Gridi ya Taifa ilipata hitilafu na nchi ikaingia gizani. Mwenye mashine ya kusaga, mwenye duka la vinywaji baridi, mwenye friza la pweza na ngisi kule Kigombe au Moa, kila mmoja alipata sababu ya kutafuta paneli kubwa. Bei ya paneli nayo ilikuwa imeshuka duniani kote.

Paa likatoka volti 12 hadi 400. Desturi ya kazi, kwa mafundi wengi wa mtaani, ikabaki ile ya taa tatu.

> Kwa volti 12, fundi aliyeacha ethi hakukosea. Kwa volti 400, anaacha hatari juu ya paa la watu.

Waya wa kijani unafanya nini

Ethi ni njia rahisi ya umeme uliovuja kwenda ardhini, iliyoandaliwa mapema ili usipitie kwenye mwili wa mtu. Kwenye sola inafanya pia kazi nyingine ambayo wauzaji hawaielezi.

Inveta nyingi za kisasa hazina transfoma ndani yake. Kila asubuhi kabla ya kuanza kazi hupima kama waya za paneli zimevuja kuelekea ardhini. Zikikuta uvujaji, hukataa kuwaka na kuonyesha alama ya hitilafu. Ni mlinzi mzuri, lakini anapima kati ya paneli na ile skrubu ya ethi. Kama skrubu haina waya, au fremu hazikuungwa nayo, inveta inapima hewa. Waya unaweza kugusa bati mchana kutwa na kioo cha inveta kikaonyesha kwamba mambo ni salama.

Uungaji wenyewe una ufundi wake. Fremu za paneli zimepakwa utando wa kinga usiopitisha umeme, kwa hiyo kufunga waya kwa skrubu ya kawaida juu ya alumini hakusaidii kitu. Inatakiwa washa yenye meno, au klipu maalumu inayoukwaruza utando hadi kwenye chuma. Waya wa shaba nao haupaswi kugusana moja kwa moja na alumini. Kwenye hewa ya chumvi ya Raskazone au Ushongo metali hizo mbili hulana, alumini ikianza kuwa unga mweupe, na baada ya muda kiungo kinalegea. Dawa ni kiunganishi cha shaba kilichopakwa bati au cha chuma kisichoshika kutu.

Ukubwa wa waya umewekwa na Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, IEC: wa kuunganisha fremu za paneli usipungue milimita za mraba 6 za shaba, na pale unapotarajiwa kubeba umeme wa radi, 16. Waya mwembamba uliobaki kwenye wayaringi ya taa hautoshi.

TANESCO wakikata

Sehemu inayowachanganya hata mafundi wenye uzoefu ni ya ndani ya nyumba, na inajitokeza umeme wa gridi unapokatika.

Nyumba iliyofungwa vizuri ina breka ya usalama ambayo mafundi huiita RCD. Hulinganisha umeme unaokwenda kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro. Tofauti ikifika miliampea 30, inakata kwa sehemu ndogo ya sekunde, kabla moyo wa aliyeguswa haujavurugika. Hufanya hivyo kwa sababu nyutro ya shirika la umeme, TANESCO, imeungwa na ardhi kule kwenye transfoma. Umeme uliovuja una njia ya kurudi huko kupitia udongo.

TANESCO wakikata, inveta inajitenga na gridi na kuanza kulisha nyumba peke yake. Kama haikupangwa vinginevyo, nyutro yake haigusi ardhi popote. Umeme ukivuja kwenye jokofu, hauna njia ya kurudi, na RCD haioni tofauti yoyote. Breka ipo ukutani, kitufe cha majaribio kinaweza hata kubofyeka na kukata, lakini kwa uvujaji halisi imelala.

Wapo mafundi wanaotetea hali hiyo. Hoja yao ni kwamba nyutro isipogusa ardhi, anayeshika waya mmoja hapati shoti. Kwa jenereta ndogo yenye kifaa kimoja wana haki. Nyumba nzima ni habari nyingine: ina soketi ishirini, pampu ya kisima, pasi na taa za nje zinazolowana na mvua. Uvujaji wa kwanza hukaa kimya kwa miezi. Wa pili ukitokea kwenye waya mwingine, mtu anaweza kujikuta katikati ya sehemu mbili zinazovuja na hakuna breka ya kumwokoa.

Jibu lipo ndani ya inveta nyingi zenyewe: swichi ya ndani inayoshikanisha nyutro na ethi pale gridi inapokatika, na kuviachanisha inaporudi. Mara nyingi ni chaguo la kuwashwa kwenye menyu, na fundi hulipita kwa sababu hakulisoma. Inveta isiyo nayo inahitaji swichi ya nje ya kuhamisha umeme inayokata nyaya zote mbili, moto na nyutro. Swichi hiyo hiyo ndiyo inayozuia umeme wa sola kurudi kwenye nguzo na kumpiga fundi wa TANESCO aliyepanda kurekebisha laini akijua imezimwa.

Na yote haya yanaegemea kitu kimoja: inveta iwe na ethi ya kweli. Bila hiyo, swichi ya ndani inaishikanisha nyutro na waya usiokwenda kokote.

"Inaita radi"

Ukiuliza kwa nini fremu hazikuungwa na ethi, jibu la mtaani mara nyingi ni kwamba ethi inaita radi. Watu hawaiogopi radi bure. Tarehe 27 Januari 2025 radi iliua wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda wilayani Bukombe, mkoani Geita. Mwambao haupigwi kama Kanda ya Ziwa, lakini vuli na masika vina ngurumo zake, na minazi iliyokauka kichwa ni ushahidi unaoonekana kwa macho.

Radi haichagui paa kwa sababu lina waya wa kijani. Huchagua kwa urefu, umbo na mahali kitu kilipo. Paa la bati lenye paneli ni lile lile, liwe na ethi au lisiwe nayo. Kinachobadilika ni njia ya umeme baada ya kupiga. Ni kweli pia kwamba ethi ya paneli haitoshi kuitwa kinga ya radi. Kinga kamili ina vishikio vyake juu, nyaya nene za kushukia na rodi kadhaa, na fundi anayemwahidi mteja kwamba waya mmoja utamkinga na radi anamdanganya.

Sola za majumbani huharibiwa zaidi na radi iliyopiga jirani. Hapa ndipo kosa la rodi mbili linapoleta hasara. Fundi anaikuta nyumba ina rodi ya TANESCO upande wa mbele, anachimbia nyingine upande wa nyuma kwa ajili ya paneli, kisha anaziacha bila kuziunganisha. Radi ikipiga mnazi ulio mita 30 kutoka hapo, volti za ardhi haziwi sawa kila mahali. Kati ya rodi moja na nyingine inaweza kuwapo tofauti ya maelfu ya volti, na njia iliyo wazi kati yao inapita ndani ya inveta. Rodi zinaweza kuwa tatu au nne, mradi zote zishikane kwa waya mnene ziwe ethi moja.

> Rodi mbili zisizounganishwa huipa radi njia ya kupita katikati ya inveta.

Mwamba wa matumbawe

Hata aliyefanya yote sawasawa hadi hapa, mwambao wa Tanga una mtihani wake, nao uko chini ya miguu.

Sehemu kubwa ya ukanda huu, kuanzia Jasini mpakani mwa Kenya hadi kusini ya Pangani, imekaa juu ya matumbawe ya kale na mawe ya chokaa. Ni chokaa hiyo hiyo iliyotoboka ikawa Mapango ya Amboni na inayochimbwa kwa ajili ya saruji. Mwamba mkavu wa aina hii haupendi kupitisha umeme. Rodi ya mita moja na nusu ikichimbiwa kwenye mfinyanzi wenye unyevu, wa ohmu-mita 30, hesabu ya kawaida ya wahandisi inatoa ukinzani wa ohmu 18 hivi. Rodi ile ile kwenye mwamba mkavu wa ohmu-mita 1,000 inatoa karibu ohmu 600.

Kwa ohmu 600, umeme wa volti 230 ukivuja wote hausukumi hata nusu ampea ardhini. Breka ya kawaida ya ampea 32 itautazama siku nzima bila kukata. RCD ndiyo tegemeo lililobaki. Waingereza, ambao kanuni zao za BS 7671 zimeathiri sana ufundi wa umeme Afrika Mashariki, hushauri ukinzani usizidi ohmu 200 hata kama RCD ipo, kwa sababu ethi iliyo juu ya hapo haiaminiki majira yakibadilika.

Fundi akikuta mwamba, mara nyingine rodi inakatwa. Nusu inabaki juu ya ardhi, au inapindishwa, kisha panamwagwa simenti ili pasionekane. Wengine huchimba shimo na kujaza chumvi na mkaa. Chumvi husaidia kwa muda. Masika moja inaisomba, na ikibaki inakula rodi. Rodi nyingi ni chuma kilichovikwa shaba, na zile za bei ya chini zina shaba nyembamba mno. Ikichubuka wakati wa kugongwa, hewa na maji ya pwani vinamaliza kazi.

Zipo njia zinazofaa zaidi: kuchimba mtaro wa kina cha nusu mita na zaidi na kulaza waya mtupu wa shaba mita nyingi, au kuchimbia rodi kadhaa zilizoachana kwa umbali usiopungua urefu wa rodi moja.

Njia inayofaa kuliko zote kwa Tanga ni ile ambayo karibu kila mjenzi ana vifaa vyake tayari. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia mhandisi wa Marekani, Herbert Ufer, alitakiwa kutafuta ethi kwa ajili ya maghala ya mabomu katika jimbo kame la Arizona, ambako rodi zilikuwa hazifui dafu. Akaunga ethi kwenye nondo za msingi. Zege hufyonza na kutunza unyevu, na msingi una eneo kubwa linalogusana na ardhi, hivyo ukinzani ukashuka hadi ohmu chache. Leo kanuni za Marekani zinakubali mita sita za nondo ya milimita 13 au zaidi, iliyozungukwa na zege lililo chini ardhini, kuwa ethi halali, mradi zege ligusane na udongo bila nailoni kati yao.

Watu wa hapa hujenga kidogo kidogo. Msingi mwaka huu, kuta mwaka unaofuata, bati Mungu akijalia, sola mwisho kabisa. Kipande cha nondo kilichoungwa vizuri na kuachwa kimechomoza siku ya kumwaga zege kinagharimu karibu bure. Kukitafuta baada ya nyumba kuhamiwa ni kuvunja sakafu. Ushauri huu unapaswa kutolewa na fundi mwashi, miaka kadhaa kabla fundi wa sola hajaitwa.

Nani anagonga muhuri

Nchi hazikubaliani kama kila fremu iungwe na ethi. Marekani, katika kifungu cha 690 cha kanuni zake za umeme, inataka chuma chote cha mfumo wa sola kiungwe na ethi. Uingereza na Ulaya hutazama aina ya paneli na ya inveta, na kama fremu inaweza kuguswa. Mahali pengine waya huo huachwa kwa makusudi. Fundi msomi anaweza kushika upande wowote na akawa na kitabu cha kumtetea.

Lakini paa la bati la Tanga si paa la vigae la Birmingham. Hapa fremu, reli, skrubu, bati na waya wa nguo ni kitu kimoja cha chuma kinachofikiwa na mkono wa mtoto. Zaidi ya hapo, vijitabu vya watengenezaji wengi wa paneli na inveta, vile vinavyotupwa pamoja na boksi, vinaagiza ethi. Kwa nyumba hizi hoja ya kuiacha haina miguu.

Kilichopungua ni jicho la pili. Anayeomba umeme TANESCO hupeleka mchoro wa wayaringi wenye muhuri wa mkandarasi mwenye leseni. Leseni hizo hutolewa na mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, na kufunga mifumo ya umeme kwa malipo bila leseni ni kinyume cha sheria. Nyumba basi hupita kwenye mlango mmoja wa ukaguzi. Sola inapokuja miaka mitatu baadaye, ikabadilisha nyutro, ikaongeza volti 400 juu ya paa, hakuna anayebisha hodi.

Ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, Kenya ilichukua njia nyingine. Kanuni zake za sola za mwaka 2012 ziliweka madaraja matatu ya mafundi, T1, T2 na T3, kutoka mifumo midogo ya DC hadi mikubwa ya inveta na gridi. Fundi wa taa tatu anajulikana, na wa friza anajulikana. Haikumaliza kazi mbovu, lakini mteja wa Lungalunga ana swali la kumuuliza fundi kabla hajapanda ngazi. Mteja wa Mkinga anastahili kuwa nalo pia.

Wauzaji wana lao: mteja akiona bei imepanda, anavuka barabara kwenda duka la pili. Ni kweli ushindani wa maduka ya Ngamiani, mjini Tanga, ni mkali. Ila waya wa milimita za mraba 6, klipu za fremu na rodi mbili ni sehemu ndogo sana ya bei ya betri moja ya lithiamu, na duka linaloviandika ndani ya bei ya mfumo mzima, bila kumpa mteja nafasi ya kuvikata, halipotezi chochote cha maana.

Hadi ukaguzi ufike, mwenye nyumba ana nguvu moja: salio la mwisho analomlipa fundi. Kabla ya kulitoa, aonyeshwe waya wa kijani kwenye skrubu ya inveta na kwenye fremu. TANESCO ikiwa imezimwa kwenye meni swichi, apimiwe RCD kwa kifaa, maana kitufe pekee hakitoshi. Kisha fundi apime ukinzani wa ethi na kuandika kwenye risiti ohmu ngapi na tarehe gani. Nyumba iliyopimwa Mei, ardhi ikiwa imelowa masika, ipimwe tena Februari kiangazi kikiwa kimekolea, na namba ya Februari ndiyo ibandikwe kwenye mlango wa kisanduku cha breka.